Mwaka Tulioogopa Maji ya Ziwa

Habari ya kifo cha papa Cikuru, mkubwa wangu wa kazi wa zamani, ilinikuta na mikono yote miwili ndani ya unga wa mandazi, na simu ikalia ubaoni mpaka yaya Faida, dada yangu, alipokuja kuishika sikioni mwangu. Siku ya mazishi tulipanda pikipiki sisi wawili mpaka Nyantende, kwao, ambako tulikuta watu wamejaa uani kwenye viti vya plastiki, wengine na kikombe cha kasiksi, pombe ya ndizi, mkononi, kila mmoja akimsifu marehemu kwa upande wake. Huyu alisema alikuwa mtu wa sala. Yule alisema alikuwa mtu wa samaki, kwani bwawa lake la tilapia bado lilikuwa linang'aa kule chini ya migomba. Mwingine akakumbusha kwamba alikuwa akivaa koti hata jua likiwa kali, na watu wakacheka kidogo, kicheko kile cha msibani ambacho kinaomba ruhusa. Padri alisema alikuwa mtumishi mwaminifu wa Serikali. Mimi na Faida tulitazamana. Tulimjua papa Cikuru katika mwaka mmoja tu, na katika mwaka huo Serikali haikumwona mwaminifu hata kidogo. Mwaka wenyewe nitauandika hapa, ingawa shule yangu iliishia katikati ya sekondari na kalamu yangu inapenda kutangatanga.

Nilikuwa msichana wa kucheka ovyo. Kazi yangu ilikuwa kusimama kwenye mwalo wa Kabonde, pale ambapo mitumbwi inafikia na wanawake wanachota maji, nikiwa nimevaa gilet ya manjano, kizibao cha kazi, mbele ya meza ndogo yenye ndoo ya klore na sirinji kubwa isiyokuwa na sindano. Robinet za mtaa wetu, mabomba ya maji, zilikuwa zinakauka zinavyotaka, kwa hiyo watu walishuka ziwani. Mwanamke anajaza bidon, dumu lake la maji, anapanga mstari, mimi ninavuta dawa kwa sirinji, ninaitia, ninamwambia angoje kidogo kabla ya kunywa, anasema aksanti, anapandisha mlima. Ilikuwa kinga ya kipindupindu. Katikati ya bidon moja na nyingine nilikuwa ninajenga nyumba kichwani: madirisha ya bluu, baraza linaloangalia ziwa, mimi na watoto wangu ambao sikuwa nimewazaa tunakula sambaza, dagaa wa ziwa letu, za kukaanga. Niliijenga mara nyingi hata nikajua mlango wa jikoni unalia vipi. Leo nikiwaza, ninajiuliza kwa nini katika ndoto zile zote sikuwahi kuliogopa ziwa. Nililiona kama sahani tu, kitu cha kuwekea chakula changu.

Tulikuwa tunachukua klore yetu kwenye bureau ya mazingira, chumba na nusu nyuma ya jengo la zamani, ambako papa Cikuru alikuwa chef, mkuu wa ofisi. Kulikuwa na ramani ya ziwa iliyoliwa na unyevu upande wa chini, kabati lililojaa chupa tupu za kuchotea maji ya kupima, na ukuta wa triplex, ubao mwembamba, uliotenga meza ya chef na benchi letu. Kila asubuhi alitupa chai kwanza, halafu klore. "Mutu mwenye njaa anakosea kipimo," alikuwa anasema. Msaidizi wake, Bashige, ndiye aliyekuwa na pikipiki, na ukisikia inanguruma mapema ujue kuna mahali pamechafuka: mafuta ya gereji yametiririka mtaroni, au mtu amemwaga taka za machinjio mtoni. Labo, yaani maabara, hawakuwa nayo. Papa Cikuru alikuwa na njia yake: anachota maji yale kwenye beseni, anatia tilapia wadogo kutoka bwawa lake la Nyantende, anangoja. Samaki akiogelea vizuri, bureau inapumua. Akigeuza tumbo, Bashige anatumwa kufunga mahali pale. Mke wake alilalamika kwamba Serikali inakula mboga ya watoto wake, na papa Cikuru alituhadithia maneno hayo akiigiza sauti yake, tukacheka mpaka chai ikamwagika.

Asubuhi ile hatukupewa chai. Jana yake jioni mtumbwi mkubwa uliokuwa umebeba mifuko ulipinduliwa na upepo karibu kabisa na mwalo wetu, na watu waliokuwa ndani waliogelea wakafika. Tuliketi kwenye benchi, mimi na mwenzangu Zawadi, msichana mpole ambaye hata kuku akimkemea anasema pardon, tukasikia sauti ya Bashige ng'ambo ya triplex.

"Chef, mifuko yote ilizama. Ingine ilipasuka."

"Ilikuwa nini ndani?"

"Mwenye mali anasema ni mbolea tu. Lakini nimeokota kipande cha mufuko. Iko na kichwa cha mufu."

Lori lilipita nje, chupa kabatini zikagongana. Halafu papa Cikuru akasema polepole, "Bashige, mbolea haichorwi kichwa cha mufu. Ile ni dawa ya kuua vidudu ya nyanya. Umeona samaki?"

"Sambaza yote iko juu, chef. Nyeupe, kama mutu alimwaga mchele."

Zawadi akanishika mkono. Mimi nilitaka kufanya mzaha, ndiyo desturi yangu, nikafungua kinywa na mzaha haukuja. Papa Cikuru akatoka na koti lake, na uso wake ulikuwa umeingia ndani kama wa mtu aliyelala na homa. Akatuambia, "Banangu, mimi sina batu. Police watakuja kesho, ao hawatakuja. Nyinyi batu banawajua. Muvae magilet, musimame mwaloni mahali penu pa kila siku, mukataze batu kuchota. Munasikia? Kukataza tu." Tukasema ndiyo, chef. Katika chumba kile hakuna aliyeona ubaya wa mpango huo, na hata leo ningeutazama ningeuona mzuri. Watu wanawajua, wapeleke. Ndivyo kila ofisi inavyofanya hapa kwetu, inatuma yule anayejulikana.

Tulishuka. Harufu ilitupokea kabla ya ziwa, harufu tamu ya kukwaruza koo, na maji ya ukingoni yalikuwa na ngozi yenye rangi kama shingo ya njiwa. Mwewe mmoja alikuwa amelala kwenye mawe, bawa limefunguka. Nilisimama upande wa chini, Zawadi upande wa juu kwenye meza, maana hatukujua mahali pengine pa kusimama. Na wanawake wakaja. Wakaja wengi kuliko siku zote, kwa sababu usiku walisikia uvumi kwamba ziwa limeharibika, na asubuhi wakachungulia kutoka mlimani wakaona gilet mbili za manjano. Tulikuwa tumewafundisha kwa miezi: ukiona gilet, maji ni ya kunywa. Tuliwafundisha vizuri mno.

"Mayi iko na sumu, bamama! Musichote!" nilipiga kelele.

Maman Bora, muuza muhogo wa mtaa wetu, mwanamke mnene mwenye ulimi mwepesi, akaweka bidon yake chini, mikono kiunoni. "Ee, Nsimire! Leo umekuwa polisi? Ziwa iko na mulango? Nani amekupa kufuli?"

"Maman Bora, ninakuomba. Ni sumu."

"Basi tia dawa! Dawa yako ni ya nini kama si ya sumu?"

Wakacheka wote, na mimi nikaogopa kile kicheko kuliko harufu. Nilieleza kwamba klore inaua kipindupindu, haiwezi dawa ya nyanya, lakini nieleze vipi kwa watu waliosikia kutoka kinywani mwangu mwenyewe, kila siku ya Mungu, kwamba hii ndiyo dawa ya maji? Wengine walirudi. Wengine walizunguka mgongoni mwangu, wakapanda kwa Zawadi, wakamzingira na kumwita mutoto muzuri, tusaidie, watoto wana kiu. Zawadi akadhani afadhali dawa kidogo kuliko kukosa kabisa. Akavuta sirinji. Nilipogeuka na kumwona, bidon zilikuwa zimeanza kupanda mlima, na nikakimbia huku ninalia, ninawashika pagne viunoni, ninamwaga maji yao njiani, wananitukana.

Bashige alifika na kamba, akafunga mwalo. Mchana nikapanda nyumbani. Mimi na yaya Faida tulikuwa na chumba kimoja mtelemkoni, ukuta wa mbao, pazia katikati, na mtoto wake Ushindi, wa miaka minne, aliyekuwa analala kati yetu. Faida alikuwa anapakua maharage. Bugali ulikuwa unafuka mezani. Ushindi alikuwa amesimama karibu na kitanda, ameshika kikombe cha plastiki kwa mikono yote miwili, anakunywa kwa kile kishindo cha watoto, glu, glu, glu, macho yakinitazama juu ya ukingo wa kikombe kwa furaha kwa sababu nimefika.

"Yaya, hiyo mayi ilitoka wapi?"

"Kabonde. Wapi pengine? Robinet iko kavu."

Nilimpokonya mtoto kikombe kwa nguvu hata akaanguka akakaa. Akalia. Faida akaniuliza kama nimeshikwa na wazimu. Nilipomwambia, mwiko ulibaki hewani, maharage yakidondoka. "Lakini Zawadi alinitilia dawa," akasema. "Nilikuona pale chini na gilet, maneno sikusikia. Nikasema, kumbe leo pia iko muzuri, ndugu yangu eko pale. Nsimire, ningejua je?"

Nilimtuma mtoto wa jirani akamwite papa Cikuru, maana sikuwaza mtu mwingine. Alikuja kwenye pikipiki ya Bashige, ndoo ya tilapia magotini, koti limelowa. Hakukaa. Akasukuma sahani za bugali pembeni, akaweka beseni katikati ya meza yetu, akamimina maji kutoka bidon ile ile ya Faida, akaachia samaki mmoja mdogo. "Tungoje," akasema. Majirani walijaa mlangoni wakatuzuilia mwanga. Samaki alizunguka beseni, mkia unacheza, na Ushindi akaacha kulia, akaegemea meza akampa jina. "Huyu ni Tonton," akasema. Nikacheka, kweli, nikaona kama Mungu ametujibu. Maharage yaliganda. Mtu mlangoni akanong'ona kwamba mtoto wa nyumba ya juu ameanza kutapika. Mwingine akasema ni uongo, yule hutapika kila mara. Halafu samaki akaja juu akaanza kuhema, kinywa kinafunguka na kufunga, akainama upande mmoja kama mtu aliyechoka kwenye kiti. "Tonton analala," Ushindi akasema.

Faida alipiga yowe ambalo nikilikumbuka nywele zinanisimama hata leo. Akamkumbatia mtoto, akamtia vidole kooni, mtoto akajinyonganyonga. Papa Cikuru alikuwa amenyoosha mkono kumtoa samaki, na mkono ukasimama palepale. "Ngoja," akasema. "Ngoja. Mayi hii Zawadi alitia klore?"

"Alitia," Faida akalia. "Si ninasema alitia!"

Papa Cikuru akaketi kitandani kwetu bila kukaribishwa. "Mungu wangu. Klore yenyewe inaua samaki mudogo. Nimepima klore. Sijapima kitu."

"Sasa iko sumu ao haiko?" Faida aliuliza.

"Sijui, maman."

Sijawahi kusikia neno baya kama lile. Ningependa aseme ndiyo, tukimbie; au hapana, tule. Tulikimbia hata hivyo. Kwenye kituo cha afya walimlaza Ushindi kwenye kitanda cha chuma, na nyuma ya pazia nikasikia muuguzi anamwuliza papa Cikuru, "Ni dawa gani ile? Unataka nimupe nini?" naye anajibu kwamba kipande cha mfuko kina maandishi ya lugha asiyoijua. "Basi tutamuangalia," muuguzi akasema. "Akianza kutokwa mate mingi, akitetemeka, tunamukimbiza hôpital." Tangu hapo tuliangalia kinywa cha mtoto. Mtoto wa miaka minne ana mate siku zote, hilo sikuwa nimelifikiria. Kila tone lilituua. Akasinzia, mto ukalowa chini ya shavu lake, Faida akaita muuguzi. Muuguzi akaja, akamfungua jicho, akasema amelala tu. Tukatulia, mto ukalowa tena, tukaita tena. Papa Cikuru alibaki mlangoni kofia mkononi, hakwenda ofisini. Alirudi mara kwa mara kuuliza kwa macho, nasi tulimjibu kwa macho. Jua lilipoinama mtoto aliamka, akaangalia watu wazima watatu waliomwinamia, akasema, "Maman, bugali yangu iko wapi?" Muuguzi akacheka. Sisi hatukuweza.

Ningependa kusema hofu iliisha pale, lakini hofu ya sumu haina mlango wa kutokea. Ushindi akikohoa tulikuwa tunatazamana. Mtaa mzima uliacha sambaza, kwa sababu ilijulikana kwamba zile nyeupe za asubuhi ile kuna watu walizikusanya, wakazikausha, na hakuna aliyejua zimeuzwa soko gani. Bashige alisafiri na chupa za maji ndani ya glasiera, kisanduku cha barafu, magotini, kuzipeleka labo ya nchi jirani, na jibu likaanza kungojewa. Wanawake wakapanda kwenye chemchemi ya juu, mstari mrefu, matope, na baada ya wiki chache tukasikia kwamba huko juu watu wameanza kuharisha. Ndipo papa Cikuru alianza kukonda. Nilimsikia ng'ambo ya triplex akizungumza kwa simu na mkubwa wa Serikali: "Ndiyo, Excellence... Matokeo haijafika, Excellence... Ninaelewa kipindupindu, Excellence... Ndiyo. Ndiyo." Aliweka simu, akatoka. "Tunafungua mwalo," akatuambia. Sauti yake haikuwa na mtu ndani.

Siku ile sambaza wachache walikuwa wameanza kuonekana tena majini, na harufu ilikuwa imeisha. Tuliweka meza, ndoo, sirinji. Nilivaa gilet na nikaona inanibana kifuani. Papa Cikuru alisimama kando yangu na megafoni, tayari kutangaza. Watu walishuka kimya, lakini hakuna aliyegusa maji. Walisimama na bidon tupu, wakingojea nani ataanza. Yaya Faida akatoka kwenye kundi. Nilidhani anakuja kunisaidia, kwa kuwa mimi ni mdogo wake na wote walikuwa wananitazama. Ushindi alikuwa ameshika pindo la pagne yake. Faida akajaza bidon, akaileta mezani, akaitua mbele yangu.

"Tia dawa," akasema. Halafu, kabla sijavuta sirinji, akaweka mkono juu ya mdomo wa bidon. "Nsimire. Siulizi gilet, ninakuuliza weye. Iko muzuri?"

Niliangalia papa Cikuru. Papa Cikuru alikuwa anaangalia mtoto. Nilijua neno moja kutoka kwangu lingeshusha bidon zote zile ziwani, na nilijua mstari wa chemchemi, na wale wanaoharisha, na Excellence kwenye simu. Nilijua pia uzito wa kichwa cha Ushindi kwenye mto ulioloa. "Yaya," nikasema, "sijui."

Manung'uniko yakapita kwenye mstari. Papa Cikuru akainua megafoni, ikapiga filimbi, watu wakaziba masikio. "Bamama," akasema, na nikafumba macho. "Nimetumwa niseme mayi iko muzuri. Labo haijajibu. Mimi sijui. Chemchemi nayo si muzuri, ile ninajua. Ya kule muchemushe, na leo tutapandisha klore kule juu. Lakini hii ya hapa, mutoto wangu singemupa."

Maman Bora akadakia: "Si ungesema tangu asubuhi, papa! Mugongo huu wote nimeushusha bure!" Watu wakacheka, safari hii kicheko hakikunitisha, na bidon zikaanza kugeuka. Faida alimwaga ile yake palepale kwenye mawe, akamshika Ushindi mkono, wakapanda. Kabla mwezi haujaisha papa Cikuru alihamishwa, akapelekwa Shabunda, mbali kabisa na ziwa, bila hata Bashige. Jibu la labo lilipofika yeye hakuwepo, nasi hatukuambiwa lilisema nini. Tuliona tu kwamba kamba ilirudishwa mwaloni na ikakaa mpaka mvua za mwaka uliofuata. Lakini hayo yalikuwa mbele. Asubuhi ile alibaki amesimama kwenye mawe, megafoni imening'inia, na mkono wake mwingine ulikuwa unafunga na kufungua kifungo kile kile cha koti.

"Chef," nikamwuliza, "unaogopa?"

"Sana," akasema. "Shika meza upande ule, tupande nayo."